Hasira, Shaka na Faili la Marehemu

Waandaaji wa kikao hiki waliniomba nieleze namna ya kuandika taarifa za ukatili wa polisi. Nitaeleza, ila nitapitia jambo ambalo sisi waandishi wa mafaili hatulitaji tukiwa kikaoni: shaka tuliyo nayo juu ya nafsi zetu.

Hasira haijawahi kutupungukia. Anayeitafuta aanze na ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka 2008: kati ya watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, 405 walikufa kwa risasi, na aliyeshika bunduki kwa sehemu kubwa alikuwa amevaa sare. Tukaambiwa tusubiri mageuzi. Yakaja: Katiba ya 2010, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, na mwaka huohuo sheria iliyounda IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Jedwali la Sita la sheria ya polisi linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nimelisoma mara nyingi. Limeandikwa vizuri sana. Kisha Agosti 2017 askari waliingia nyumba kwa nyumba mtaani Nyalenda, Kisumu, na mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, akapigwa kichwani akiwa mikononi mwa mamake. Alifariki siku chache baadaye. Hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema mwaka 2019 kwamba polisi wana lawama. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha mashtaka mwaka 2022. Kufikia hapo Pendo angekuwa amekwisha kuanza shule.

Basi hasira ipo. Lakini jioni, baada ya mama wa marehemu kumaliza kusimulia na mimi kufunga daftari, yeye hubaki na mchango wa mazishi wa kutafuta, mimi hupanda matatu nikarudi nyumbani. Hapo ndipo swali hunipata: mimi ni nani hata niandike msiba wa mwenzangu? Sikuzaa naye, sikuzika naye. Sijui hata kama kuandika kwangu kunamsaidia yeye au kunanipa mimi usingizi. Nina hakika wengi humu mmelala na swali hilo, na mkaamka nalo.

Kuna shaka nyingine, na hiyo naiona mbaya zaidi kwa sababu hatukuizaa wenyewe. Tunapandiwa. Kijana anapigwa risasi, na kabla damu haijakauka taarifa imetoka: alikaidi amri ya kujisalimisha, amekutwa na bastola ya bandia na risasi mbili. Mtaa mzima unaisikia. Mama naye anaisikia, na siku ya tatu au ya nne ananiuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, na kama kweli alikuwa ameiba?” Msiseme swali hilo ni la mama peke yake. Nami huwa nimejiuliza kabla yake, njiani, na huenda hata hakimu atajiuliza.

Jibu lipo katika sheria, na ni fupi. Kifungu cha 26 cha Katiba kinalinda uhai wa kila mtu. Cha 50 kinampa mshtakiwa kesi ya haki. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwizi wa simu ahukumiwe kichochoroni na mtu mmoja mwenye bunduki. Kwa hiyo mama akiuliza hivyo, usimjibu kwa kumsifu marehemu, kwamba alikuwa mcha Mungu na mchezaji hodari wa mpira. Ukianza hivyo umeshakubali kwamba angekuwa mwizi, kifo kingekuwa halali. Faili letu halihitaji marehemu awe malaika.

Shaka tuielekeze kwenye karatasi, hasa karatasi ya kituo. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa maiti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko mahali pengine mwilini; wanapatholojia wakasema hayaelekei kuwa majeraha ya kujifanyia mwenyewe. Inspekta Jenerali akaenda mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile. Kama jamaa wangeipokea ilivyo, wangezika na kunyamaza.

Shaka hiyohiyo lazima iguse pia karatasi zetu. Andika alichokiona shahidi mbali na alichosikia. Andika saa. Andika namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, hata kama walikataa kuiandika, yaani andika kwamba walikataa, nani alikataa, alikuwa zamu gani. Mwathiriwa aliye hai atahitaji fomu ya P3, ambayo daktari hujaza majeraha yake, na fomu hiyo, kwa maajabu ya nchi yetu, huombwa kituoni, pengine kwa wale wale waliompiga. Msindikizeni. Na msiongeze risasi. Kijana aliyepigwa risasi mbili hazidishiwi uchungu na ya tatu. Mpasuaji akihesabu mbili na faili likasema tatu, wakili wa utetezi hana kazi tena ya kufanya.

Kumbukeni kesi ya wakili Willie Kimani. Mteja wake, Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na askari mwaka 2015, akalalamika, akasingiziwa mashtaka. Juni 2016 wote wawili, pamoja na dereva wa teksi Joseph Muiruri, walitekwa baada ya kutoka Mahakama ya Mavoko, wakauawa. Kikaratasi cha tishu alichoandika Kimani akiwa kizuizini na kukitupa nje kiliokotwa na mpita njia, kikafika mahakamani kama kielelezo. Hukumu ilitoka 2022, adhabu Februari 2023: askari watatu na mtoa habari mmoja wa polisi, na askari aliyelalamikiwa na Mwenda akahukumiwa kifo. Binafsi siungi mkono adhabu ya kifo hata kwake. Lakini tazameni kilichosimama miaka yote hiyo: karatasi, kumbukumbu za simu, ungamo la mtoa habari. Maandamano yetu yaliizuia kesi isizikwe, hayakuithibitisha.

Nafika mahali ambapo mimi mwenyewe sina uhakika. Benna Buluma, tuliyemwita Mama Victor, alipoteza wanawe wawili kwa risasi za polisi siku moja, mtaani Mathare, Nairobi, Agosti 2017. Akawakusanya kina mama wenzake wakaunda mtandao wa waathiriwa na manusura. Aprili 2024 mafuriko yakamuua huko huko Mathare. Faili la wanawe tulijua tuliandikeje: kuna bunduki, kuna sare, kuna IPOA ya kulipokea. La kwake tunalipeleka wapi? Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mvua kubwa kupita kawaida msimu ule. Maji yalipopungua, matingatinga ya serikali yalikuja kubomoa nyumba za kandokando ya mto. Mitambo ilikuwepo, kumbe. Ilichelewa tu, na ilipofika ikaja kuvunja.

Napendekeza tufungue mafaili ya uzembe kwa ukali uleule wa mafaili ya risasi: ofisi gani ilipata onyo, tarehe gani, nani alitia sahihi, fedha za mitaro zilipitishwa lini. Sijui ni mahakama gani itayapokea, na wenzangu wanasheria watanikosoa leo mchana. Pia kila faili lisomwe na mwandishi wa pili asiyemjua marehemu, kisha lisomwe kwa sauti mbele ya familia kabla halijatoka ofisini, na familia iwe na haki ya kulikataa. Suala la nauli za mashahidi na gharama za nakala ataliendeleza mwenzangu anayefuata. Nabaki kwa maswali.