Palila na Nondo wa Blackburn: Matini ya Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi



Nimeombwa nizungumzie viumbe walio hatarini kutoweka visiwani. Nimechagua wawili wa Hawaii, visiwa vya Marekani vilivyomo katika Bahari ya Pasifiki.

Wa kwanza ni palila, ndege mwimbaji mwenye kichwa cha manjano. Leo hapatikani popote duniani ila kwenye miteremko ya mlima Mauna Kea, na chakula chake kikuu ni mbegu mbichi za mti uitwao mamane. Mbuzi na kondoo walioachwa mlimani kwa ajili ya wawindaji walikula miche, na msitu ukashindwa kujirudisha. Kesi ikafunguliwa kwa jina la ndege mwenyewe, na mwaka 1979 mahakama ikaamuru wanyama hao waondolewe. Hata hivyo palila, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walihesabiwa kwa maelfu, sasa hawafiki elfu moja.

Wa pili ni nondo wa Blackburn, mdudu mkubwa wa rangi ya kijivu. Katika miaka ya 1970 alidhaniwa amekwisha. Mwaka 1984 akaonekana tena kisiwani Maui. Palila aliingizwa katika orodha ya kulindwa mwaka 1967, nondo mwaka 2000. Miaka 33 yote hiyo, na maadui wao ni walewale: mbuzi waliula pia mti wa aiea, ambao ndio lishe ya asili ya viwavi wake.

Hapa ndipo linapotuhusu sisi watendaji. Palila hakubadili chakula chake kikuu, bali kiwavi alijifunza kula tumbaku-mti, gugu la kigeni liotalo kando ya barabara na viwanjani. Mfyekaji wa barabara, kwa nia njema kabisa, aweza kumwangamiza nondo kwa panga moja. Kwa sababu hiyo wahusika huko hutakiwa kuyakagua magugu hayo kabla ya kuyafyeka, na kuuhadhari udongo ulio jirani, kwani kiwavi hujizika humo mpaka ageuke nondo.

Kwa maoni yangu, kazi ya mfyekaji huyo ni ngumu kuliko ya hakimu. Hakimu aliletewa jalada mezani. Mfyekaji ni lazima ainame, afunue jani kwa jani.

Niko tayari kupokea maswali.