Chini ya Nani? Maneno ya Utumishi Katika Machimbo Yetu



Nimeombwa niseme juu ya hadhi ya mfanyakazi. Naona afadhali nianze na maneno machache ambayo mnayasikia kila siku kwenye lango la mgodi na kwenye maduara, kwa maana wapo watu wanaokosa haki yao kwa sababu tu ya jina waliloitwa, nao wakalikubali.

Karatasi nyingi za ajira katika migodi mikubwa huandikwa kwa Kiingereza. Lugha hiyo ina maneno mengi ya kumtaja aliye chini ya mwingine, wala hayana uzito mmoja. "Servant" latokana na neno la Kilatini servus, ambalo kwa Warumi lilikuwa mtumwa hasa, mtu anayenunuliwa na kuuzwa. "Subordinate" lina ordo ndani yake, yaani utaratibu: aitwaye hivyo amepangwa katika daraja la chini la utaratibu fulani, na mkubwa wake naye yumo katika utaratibu huohuo, hakuwekwa juu yake. "Minister", ambalo sisi twalifasiri waziri, asili yake ni minus, yaani pungufu. Kwa Warumi alikuwa mhudumu tu. Sina hakika kama waheshimiwa wetu hukumbushwa jambo hilo siku ya kuapishwa. Nalo "subject" ni la ajabu kuliko yote, kwa kuwa ni mtu aliye chini ya mfalme, na papo hapo ni kiima cha sentensi, mtenda wa tendo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alilitumia kwa maana hiyo ya pili katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alipofundisha kwamba mtu ndiye mtenda wa kazi, na kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walichagua lile neno la kwanza. Mwaka 1923 walitunga sheria ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji. Chini ya sheria hiyo, mtumishi aliyetoroka kazini kabla ya muda wa mkataba wake kwisha alikuwa ametenda kosa la jinai. Katika enzi hiyo ndipo mgodi wa kale wa Geita ulipofunguliwa, na ndipo almasi ya Mwadui ilipogunduliwa, mwaka 1940. Na ndipo lilipoenea neno "boi", ambalo kwa Kiingereza ni mtoto wa kiume, akaitwa hivyo hata mtu mwenye wajukuu.

Lakini tusiwatupie wageni lawama yote. Tazameni neno letu "kibarua". Hapo kwanza halikuwa mtu, bali barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili akionyeshe wakati wa kulipwa. Kilikuwa ushahidi wake. Baadaye karatasi ikapotea, jina likabaki juu ya mtu. Na leo aitwaye kibarua ndiye yule asiye na karatasi yoyote. Tazameni pia "mnyapara". Katika misafara ya Wanyamwezi ya karne ya 19, mnyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi, akiwasemea mbele ya mwenye mali juu ya posho na mwendo wa safari. Mashambani na migodini akageuka kuwa msimamizi wa bwana, mwenye kuwahimiza wenzake. Cheo ni kilekile, ila uso wake umegeuzwa upande wa pili.

Sasa nije kwenye neno linalonisumbua zaidi, "mchimbaji mdogo". Kiingereza husema uchimbaji wa kiwango kidogo, yaani kinachopimwa ni ukubwa wa kazi. Katika kufasiri, udogo ukahama kutoka kwenye kazi ukamkalia mtu. Mzee wa miaka sitini mwenye maduara matatu na karasha la kusagia mawe ni "mdogo", na kampuni iliyofika jana ni "mkubwa". Katika desturi zetu mdogo humpisha mkubwa, wala hamwulizi sababu. Mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa, na majonzi ya mwaka ule hayajaisha katika familia nyingi. Sisemi kwamba neno ndilo lililowaondoa. Nasema lilifanya kuondolewa kwao kusikike masikioni mwa wengine kama adabu ya kawaida. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imetenga leseni za uchimbaji mdogo kwa ajili ya Watanzania. Kinachoitwa kidogo hapo ni uchimbaji, na mwenye leseni ni mwenye haki kamili kama mwenye leseni nyingine yoyote.

Hata ndani ya duara mambo si mepesi. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara, wapo wanaoshuka chini, na wapo akina mama wanaoponda mawe. Dhahabu ikipatikana, mwenye duara husema, "Hawa ni vijana wangu," na mgawo wa mifuko ya mawe hufanywa kwa amri yake. Duara likititia na mtu akaumia, husema, "Hawa ni wabia wenzangu, kila mtu na bahati yake." Haiwezekani kuwa mkubwa wakati wa mavuno na kuwa mwenzao wakati wa msiba.

Na hapa, wapendwa, sheria ya nchi yaja kwetu na jambo la faraja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu kilichokuwa na namba 61 ilipotungwa, yasema kwamba mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba uwe wa namna gani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata moja kati ya mambo haya: namna anavyofanya kazi iko chini ya usimamizi au maelekezo ya mwingine, saa zake hupangwa na mwingine, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa riziki, hupewa naye vitendea kazi, na mengine kadhaa. Kule kuwa chini ya mwingine, ambako tumezoea kukuonea aibu, ndiko kunakomfunga yule aliye juu. Aliyekuamuru ushuke saa kumi na mbili asubuhi kwa kamba yake na nyundo yake hawezi kukuambia jioni kwamba hakufahamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi. Asipoyaleta mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba kibarua hana la kudai kwa kuwa hana karatasi. Hata hivyo andikeni ninyi wenyewe katika daftari: siku mliyoanza, nani aliwapa kazi, saa za zamu, malipo, majina ya mlio nao. Na mkiachishwa kazi isivyo haki, shauri hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakimsubiri mnyapara awaombee.