Kupatana Bei ya Nyumba ya Wapangaji

Makatibu na wanachama,

Nyumba ya kupangisha ni jasho la wanachama wote. Chama kinapoiuza, bei kubwa isikipofushe macho. Mathalani, chama kimoja nchini Kenya kina nyumba ya vyumba sita, kila kimoja kikileta shilingi 8,000 kwa mwezi. Mnunuzi wa kwanza ataja shilingi 9,000,000, lakini hatoi arubuni, na ataka wapangaji waondolewe kwanza. Wa pili ataja 8,600,000, yuko tayari kutoa arubuni ya asilimia 10 na salio katika siku 90, na wapangaji wabaki.

Katibu na apige hesabu. Vyumba vikikaa vitupu miezi sita, shilingi 288,000 za kodi zimepotea. Mnunuzi akijitoa, chama kimebaki na nyumba tupu na mikono mitupu.

Wa pili asikubaliwe papo hapo, wala asidokezwe bei ya mwisho waliyoafikiana wajumbe wa kamati. Apelekewe jibu la maandishi: 8,800,000, masharti yake yakiwa yale yale. Akiomba kupunguziwa, naye aharakishe malipo.

Ikumbukwe pia kwamba tangu Januari 2023 muuzaji nchini Kenya hutozwa asilimia 15 ya faida aliyoipata. Ushuru wa stempu ni juu ya mnunuzi. Amana za wapangaji nazo zikabidhiwe kwa maandishi.

Mali ya ushirika haiuzwi kwa pupa, wala haiuzwi kwa siri.