NYUMBA MOJA, WENYEJI WAWILI
Somo la kukaa na Windows na Linux katika diski moja

(Maneno haya yamechapwa kama yalivyosomwa redioni. Amri za kompyuta zimewekwa humu ili msikilizaji apate kuzinakili bila kukosea herufi.)



Somo letu la leo ni juu ya kompyuta yenye mifumo endeshi miwili, yaani Windows na Linux, ndani ya diski moja. Nimeletewa maswali mengi juu ya jambo hili, na sababu yake si siri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi tunazonunua Darajani, zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo, hazitimizi masharti ya Windows 11. Mwenye kompyuta kama hiyo haitupi. Hutia Linux, ambayo haina bei, lakini hataki kuiacha Windows kwa kuwa zimo kazi alizozizoea. Basi huziweka zote mbili. Ni jambo jema, wala si gumu. Lakini lina khatari moja kubwa, na khatari hiyo ndiyo khasa nitakayoieleza leo.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama wanaolima mwani, pwani ya mashariki ya Unguja, kilikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Hesabu zao zote, yaani jina la kila mama, uzito wa mwani mkavu aliouleta, na fedha alizolipwa, walikuwa wakiziandika upande wa Linux. Siku moja wakaniambia kwamba upande wa Windows umejaa, hauna nafasi tena. Nikafungua programu ya Windows ya kusimamia diski, nikaona sehemu ya gigabaiti 60 isiyo na jina wala herufi. Nikasema moyoni, "Hii ni tupu." Nikaifuta, nikaipa Windows nafasi ile.

Haikuwa tupu. Ndiyo iliyokuwa na hesabu za miaka miwili.

Tulikaa barazani siku tatu tukiokoteza hesabu kutoka katika daftari zilizolowa maji ya chumvi. Baadhi zilipatikana, nyengine hazikupatikana. Mama mmoja aliyekuwa akidai malipo ya msimu mzima hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wenziwe walimwamini, wakamlipa kwa neno lake. Lakini haki ya mtu haifai kutegemea huruma ya wenziwe, wala haifai kupotea kwa kidole cha mtu aliyekuja kusaidia.

Kwa hiyo nataka mlishike neno moja katika somo hili: kutokionekana kitu si dalili kwamba hakipo.

DISKI NA VIAMBAZA VYAKE

Chukueni mfano wa nyumba ya ghorofa ya Mji Mkongwe, pale Hurumzi au Mkunazini, iliyogawiwa jamaa mbili. Mlango mkubwa ni mmoja, daka ni moja, lakini ndani pametiwa viambaza, na kila jamaa wana vyumba vyao. Diski ni nyumba hiyo. Kila sehemu iliyotengwa kwa kiambaza huitwa patisheni. Mpango wa viambaza vyote umeandikwa katika jedwali lililo mwanzoni mwa diski. Jedwali la zamani, liitwalo MBR, lilikubali patisheni kuu 4 tu. Jedwali la siku hizi ni GPT, nalo kwa kawaida lina nafasi ya patisheni 128.

Sasa, kila mwenyeji ana desturi yake ya kupanga vyombo. Windows hupanga faili zake kwa taratibu iitwayo NTFS. Linux aghlabu hutumia ext4. Linux imejifunza desturi ya jirani yake. Tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021 kiini chake chenyewe kina kisomaji kipya cha NTFS, cha kusoma na kuandika. Windows kwa upande wake haisomi ext4. Ukiwa Linux utaziona faili za Windows. Ukiwa Windows hutaziona faili za Linux. Utaona patisheni haina herufi, haina jina, kama chumba kilichofungwa na taa imezimwa. Pengine Windows itakuuliza kama unataka kuitayarisha upya patisheni hiyo ili iweze kutumika. Jibu ni hapana! Ukikubali, umemtupia jirani yako vyombo vyake nje.

Wako watakaosema kwamba siku hizi Windows ina njia ya kuendesha Linux ndani yake, iitwayo WSL, yenye amri ya kupachika diski za ext4. Ni kweli, lakini amri hiyo huitaka diski nzima, wala haiwezi kuichukua diski ile ile ambayo Windows yenyewe inaikalia. Kwa kompyuta yenye diski moja haitufai.

Kuna kichumba kimoja zaidi mnachopaswa kukijua. Kompyuta za miaka hii zina patisheni ndogo iitwayo EFI, mara nyingi megabaiti 100 au zaidi kidogo. Humo ndimo anamokaa bawabu. Kompyuta ikiwashwa, bawabu wa Linux, aitwaye GRUB, hukuuliza unataka kuingia kwa nani. Patisheni hii haina herufi wala faili za mtu, na mtu mwenye tamaa ya nafasi huiona kama uchafu wa kufagiwa. Akiifuta, hapana atakayefunguliwa mlango, si Windows wala Linux.

KUGAWA NYUMBA

Waashi wetu wa zamani walijua kwamba upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Huwezi kusogeza ukuta kabla hujajua umebeba nini. Na diski ni hivyo hivyo. Fuateni taratibu hii.

Kwanza, nakilini faili zenu zote muhimu nje ya kompyuta, katika diski nyingine. Si patisheni nyingine ya diski ile ile, bali diski nyingine kabisa; nyumba ikiungua, chumba cha pili hakisalimiki. Kisha fungueni nakala hiyo, muone kwamba kweli inasomeka.

Pili, tazameni kama Windows imefungwa kwa ufunguo wa BitLocker. Ikiwa hivyo, andikeni karatasini tarakimu 48 za ufunguo wa kuokolea kabla ya kugusa kitu, maana kompyuta huenda ikauliza ufunguo huo ikihisi mlango umebadilishwa.

Tatu, mwacheni mwenye nyumba ajipunguze mwenyewe. Patisheni ya Windows ipunguzwe kwa programu ya Windows, na patisheni ya Linux ipunguzwe kwa programu ya Linux, kama GParted, mkiwa mmeiwasha kompyuta kwa Linux iliyo katika kijiti cha USB. Programu ya Windows mtaipata kwa kuandika:

diskmgmt.msc

Nne, wakati wa kutia Linux mtaulizwa kama mnataka kufuta diski yote. Someni swali hilo mara mbili. Chagueni kuweka Linux pembeni ya Windows, au kugawa wenyewe kwa mkono.

Mtauliza, kila mmoja apewe kiasi gani? Tuseme diski ni ya gigabaiti 500. Windows itakuonyesha kama 465 hivi. Hukupunjwa, mtengenezaji huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024. Katika hizo 465, Windows ipewe 165, Linux ipewe 60, na 240 zinazobaki ziwe chumba cha ushirika. Vichumba vidogo kama EFI vitakula kidogo humo.

Na kabla ya kuanza, tazameni umeme. Sisi wa Unguja hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 2008 tulikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, na tena tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa kuharibika njia ya umeme utokao bara. Njia mpya ya chini ya bahari ilikuja mwaka 2013, lakini kukatika kwa dakika mbili tu kunatosha kuvunja ukuta ulio nusu njiani. Betri iwe imejaa, na waya uwe umechomekwa.

CHUMBA CHA USHIRIKA

Faili za kazi, kama hesabu, barua na picha, zisikae kwa Windows wala kwa Linux. Ziwekeni katika patisheni ya tatu, ambayo wote wawili wanaiona. Ipangwe kwa NTFS. Kwa nini isiwe FAT32, ambayo kila chombo huisoma? Kwa sababu haikubali faili moja ifikayo gigabaiti 4. Na exFAT je? Hiyo husomwa na pande zote mbili, lakini haina daftari la ndani la kuandikia kila badiliko kabla halijafanywa. NTFS na ext4 zina daftari hilo, nalo husaidia sana kuirudisha diski katika hali yake umeme ukikatika.

Ukiwa Windows, chumba hiki utakiona kwa herufi, labda D. Ukiwa Linux, hakuna C wala D. Kila patisheni hupachikwa mahali fulani katika mti mmoja wa folda. Ili kuona patisheni zote na taratibu ya kila moja, andikeni:

lsblk -f

Amri hii haibadilishi kitu, huonyesha tu. Laiti ningewasha upande wa Linux na kuiandika siku ile, ningeliona neno ext4 mbele ya patisheni ile, na akina mama wasingepoteza kitu.

USINGIZI WA WINDOWS

Sasa nafika kwenye jambo linalowatatiza wengi. Mtu huzima Windows, huwasha Linux, hufungua chumba cha ushirika, na Linux humwambia: unaweza kusoma, lakini huwezi kuandika. Hudhani diski imekufa.

Haikufa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukiizima Windows kwa kawaida haizimiki kabisa. Husinzia, ikiwa imeandika katika diski kumbukumbu ya mambo iliyokuwa nayo, ili kesho iamke upesi. Linux ikiona jirani amesinzia na milango yake hajaifunga, hukataa kuhamisha vyombo vyake, na ni haki yake kukataa. Mkiilazimisha, Windows itaamka ikiwa na kumbukumbu ya jana juu ya vyumba vilivyopangwa upya leo, na hapo ndipo faili huharibika.

Dawa yake ni rahisi. Mkitaka kutoka Windows kwenda Linux, msichague kuzima. Chagueni kuwasha upya, maana hapo Windows hujifunga kabisa. Au ondoeni usingizi huo moja kwa moja, kwa kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika:

powercfg /h off

Hasara yake ni kwamba Windows itachelewa kidogo kuwaka asubuhi. Ni hasara ndogo sana.

UKIKOSEA

Ikiwa umefuta patisheni isiyopasa, acha hapo hapo. Usiandike kitu, usitie programu, usiipe nafasi hiyo mwenyeji mwingine. Kufuta patisheni ni kufuta mstari katika jedwali. Vyombo mara nyingi bado vimo ndani. Chukua kijiti cha USB chenye Linux, uwashe kompyuta kwa hicho, na utumie programu iitwayo TestDisk, ambayo hutafuta mipaka ya zamani na kuweza kuirudisha. Mimi sikuacha. Niliipa Windows nafasi ile, Windows ikaanza kuandika juu yake, na nilipozinduka muda ulikuwa umekwisha.

Kile kikundi bado kina kompyuta ile ile. Hesabu zao sasa zimo katika chumba cha ushirika, na kila Ijumaa mmoja wao huzinakili katika diski ndogo anayoondoka nayo nyumbani. Daftari la karatasi pia hawakuliacha, nami sikuwaambia waliache.

Mabibi na Mabwana, mwenye kuitwa kutengeneza kompyuta ya watu ameaminiwa kama aliyepewa ufunguo wa nyumba ya jirani. Akiona mlango umefungwa na ndani kimya, aulize kwanza nani anakaa humo. Kwa herini.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Windows huweza kuonyesha patisheni yenye faili kana kwamba haina kitu?

2. Eleza kazi ya patisheni ya EFI. Itakuwaje ikifutwa?

3. Mwenzio amezima Windows, akawasha Linux, na hawezi kuandika katika chumba cha ushirika. Utamwambia afanye nini, na utamkataza nini?

4. Tazameni kompyuta ya kikundi chenu kwa amri ya lsblk -f, na kwa diskmgmt.msc. Chora karatasini nyumba yenu: patisheni ngapi, kila moja ya nani, na ya ukubwa gani. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na kompyuta, ili fundi atakayekuja aione kabla hajagusa kitu.