Bi Kidude Jukwaani: Filamu na Kurejea kwa Msanii Mkongwe

Filamu ya As Old As My Tongue, iliyoongozwa na Andy Jones na kutoka mwaka 2006, inamfuata Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, kutoka mitaa ya Unguja hadi majukwaa ya ng'ambo. Ukiitazama juu juu, ni hadithi inayofahamika: msanii aliyesahauliwa anarudi jukwaani uzeeni na kushangiliwa upya. Birdman ya mwaka 2014 iliisimulia kwa mwigizaji wa kubuni anayeweka rehani heshima yake yote kwenye mchezo mmoja wa Broadway. Wim Wenders aliikuta Havana kwa wanamuziki wa kweli, katika Buena Vista Social Club ya mwaka 1999. Kwa Bi Kidude hadithi hiyo inafaa nusu tu, na nusu isiyofaa ndiyo yenye uzito.

Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo mwanzoni mwa karne ya 20, binti wa muuza nazi. Uimbaji aliupata kwa kumsikiliza Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na baadhi ya nyimbo za Siti, ukiwemo Muhogo wa Jang'ombe, aliziimba hadi ukongweni. Kwa simulizi zake mwenyewe, ujanani alizunguka Tanganyika akiimba taarab kabla ya kurudi Unguja.

Wakati huo taarab ya Mji Mkongwe ilikuwa ikielekea kwingine. Vilabu vilijenga okestra kubwa kwa mfano wa Misri, zenye fidla nyingi, kanuni, udi na akodiani. Sauti yake, nzito na yenye mikwaruzo, ilikuwa ya ngoma zaidi kuliko ya okestra.

Hapo ndipo nusu ya pili inapoanza. Bi Kidude hakunyamaza. Alikuwa somo, akiwafunda wari katika unyago, na riziki yake ilitokana pia na hina, wanja na dawa za miti shamba. Katika unyago ngoma ya msondo ndiyo inayoongoza. Ni ndefu, mpigaji huifunga kiunoni kwa kanga, akaibana katikati ya miguu, akainama kidogo mbele na kuipiga kwa viganja huku akiimba. Kazi hiyo ya mwili mzima aliifanya mbele ya wanawake peke yao, kwa miaka ambayo waandishi wa wasifu wake huipita kwa sentensi moja. Ni makosa kuiita miaka ya kupotea. Ndiyo iliyomlindia pumzi, mikono na nyimbo.

Kurejea kwenyewe kulianza miaka ya 1980, alipopanda jukwaani na kundi la Twinkling Stars la Mohamed Ilyas na kusafiri Ulaya na Japani. Baadaye aliimba na wakongwe wenzake wa Shikamoo Jazz. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza Unguja mwaka 2004, alikuwa miongoni mwa sura zake kubwa, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX nchini Uingereza. Katika majukwaa haya alifanya jambo la ujasiri: msondo uliokuwa wa uani aliuleta mbele ya hadhira ya wake kwa waume.

Nguvu ya filamu iko pale inapomwacha azungumze, avute sigara yake na kuwajibu watu apendavyo, bila kumgeuza bibi mpole wa picha. Udhaifu wa sifa nyingi alizopewa nje ni kwamba umri ulitangulia sanaa. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kila mtangazaji alimwongezea miaka, ilhali kinachostahili kusikilizwa ni jinsi alivyokata mshororo na kuurudisha juu ya mdundo.

Alifariki tarehe 17 Aprili 2013 akazikwa Kitumba. Filamu ya pili ya Jones, I Shot Bi Kidude, ilitoka mwaka 2015. Inarudi kwenye mwaka 2012, mkongwe alipokuwa mgonjwa na mvutano ukazuka juu ya nani amtunze na nani aseme kwa niaba yake. Ile ya kwanza ilisherehekea kurejea; hii inauliza aliyerejea alibakiwa na nini mkononi, swali linalowahusu pia waliomrekodi, waliomwalika na waliompiga picha.