Usimwambie "Ni Paka Tu"
Ndugu zangu wa Lodwar na Kakuma, ukame wa 2020 hadi 2023 ulitumalizia mifugo, na hakuna aliyemcheka mfugaji alipohuzunika. Mbona basi mtoto akifiwa na paka wake tunamwambia, "Nyamaza, ni paka tu"?

Mdogo wake Anas alipofiwa na kijindege chake, Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alimwita Abu Umayr, kama anavyoitwa mtu mzima, akamuulizia habari za kijindege chake.

Nawe mzazi, nawe kaka, fanya hivyo. Muulize alivyokuwa paka wake. Mwache alie. Chimbeni shimo pamoja, mbali na pale watu wanapochota maji lagani. Na jioni, futarini naye.