Mafuta Yakipita Isiolo, Gesi Itaenda Wapi?



Mafuta ghafi yaligunduliwa Lokichar, Kaunti ya Turkana, mwaka wa 2012. Chini ya mradi wa LAPSSET, yanakusudiwa kusafirishwa kwa bomba hadi bandari ya Lamu, na njia ya bomba hilo inapita Isiolo.

Wakazi wengi huuliza kuhusu ardhi, fidia na ajira. Hayo ni maswali ya haki. Lakini lipo jingine linalomgusa mfugaji: je, gesi itafanyiwa nini?

Mafuta yakitolewa ardhini, hutoka pamoja na gesi. Isipopatiwa kazi, huchomwa juu ya mlingoti au huachiliwa hewani. Ikichomwa, hutoa hewa ya kaboni. Ikivuja bila kuungua, sehemu kubwa yake ni methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 huongeza joto duniani zaidi ya mara 80 ikilinganishwa na kaboni. Joto likizidi, ukame huwa mkali zaidi. Isiolo inajua gharama yake: kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na familia nyingi zikapoteza mifugo.

Teknolojia ya kupunguza gesi hizo ipo.

Kwanza, gesi inaweza kuzalisha umeme wa kuendesha mitambo kisimani, au kurudishwa chini ya ardhi.

Pili, kamera maalumu huonyesha gesi inayovuja ambayo jicho halioni, na mafundi wakaziba mahali hapo.

Tatu, mafuta ya Lokichar yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo bomba lazima lipashwe joto. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa kwa umeme. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ukitumika huo badala ya dizeli, moshi utapungua.

Hata hivyo, ukweli usemwe: hatua hizi hupunguza moshi wa uzalishaji na usafirishaji tu. Moshi mwingi zaidi hutoka mafuta yanapochomwa kwenye magari na viwanda.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinahimiza umma kushirikishwa katika kuyalinda. Kwa hivyo, maoni ya umma yanapokusanywa kuhusu athari za mradi, kila mkazi na aulize: Gesi itachomwa au itatumika? Nani atakagua uvujaji, na mara ngapi? Bomba litapashwa kwa nishati gani? Majibu yaandikwe, yasomwe barazani kwa lugha inayoeleweka, na nakala ibaki kwa chifu.